Injini Niliyosema Imekufa

Watu wananiita Pembetatu. Jina hilo nililipata gereji, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa fundi pekee mjini kwetu aliyekubali kufungua injini ya rota. Injini za kawaida zina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya rota haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye pembe tatu, kimevimba kidogo mbavuni, kinachozunguka kwenye chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Aliyeibuni alikuwa Mjerumani. Viwanda vingi vilinunua kibali cha kuitengeneza, vikaitupa kimoja baada ya kingine, hadi Wajapani wakaing'ang'ania. Tatizo lao kubwa lilikuwa kwamba ncha za ile pembetatu zilikwaruza kuta za chumba na kuacha michirizi, michirizi ambayo wahandisi wenyewe waliiita kucha za shetani. Waliitibu. Lakini mpaka leo roho ya injini hiyo iko kwenye zile ncha. Kila ncha ina sili, ukanda mwembamba wa chuma usiozidi urefu wa kidole, na sili huishi kwa mafuta. Ikikauka, injini inakosa pumzi.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa nilichomfanyia mkunga na mume wake.

Mkunga alikuwa mteja wangu kwa miaka kumi na moja. Gari lake lilikuwa la milango miwili, kijani kibichi, lenye boneti ndefu na taa za nyuma za mviringo. Kwenye kadi yalikuwapo majina mawili tu: daktari wa meno aliyelinunua likiwa jipya, na yeye. Daktari alilichoka upesi. Lilikunywa petroli bila aibu, na kila mwezi mafuta ya injini yalipungua, akadhani ni bovu. Halikuwa bovu. Injini ya rota inanyunyiziwa mafuta yake yenyewe kidogo kidogo ili iyachome, ndivyo ilivyoumbwa. Mkunga alipolinunua alisoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelijua kama yeye. Aliliendesha kwenda kuzalisha wanawake mitaa yote. Mlio wake haukuwa ngurumo, ulikuwa kama wa nyuki waliokasirishwa ndani ya debe, na wanaume waliokuwa wakizungukazunguka uani kwa wasiwasi waliusikia ukikata kona, wakashusha pumzi.

Mumewe alikuwa mshonaji, mwembamba, mtaratibu, mtu wa utani. "Hili gari ndilo mume mkubwa," alikuwa akiniambia. "Mimi ni mdogo. Nasubiri zamu yangu."

Mkunga alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia kwa kila mtu: ukiliwasha, liache lipate moto ndipo ulizime. Ukilizima upesi, petroli mbichi inabaki ndani na kuosha mafuta kwenye sili. Hapo hata uzungushe stata mpaka betri ife, haliwaki. Ni mimi niliyemfundisha hivyo.

Asubuhi moja, saa tatu hivi, alinipigia simu. "Fundi, linakataa. Stata inazunguka, lakini wapi!"

Nilikwenda na sanduku langu la spana. Gari lilikuwa kwenye kibanda chake ubavuni mwa nyumba, sakafu ya saruji imefagiliwa, ukuta wa nyuma umepakwa chokaa nusu, ndoo na brashi bado vipo pembeni. Nilichomoa plagi ya kwanza. Ilikuwa imelowa chapachapa na inanuka petroli. Ya pili vilevile. Sikuhitaji kuangalia zaidi. Mtu aliliwasha gari akalizima papo hapo, basi. Dawa yake ni kukausha plagi, kumimina kijiko cha mafuta kwenye kila tundu, kuzungusha injini mpaka sili zishike tena, kisha kuwasha. Kazi ya saa moja na moshi mwingi.

Badala yake nilitoa geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa. Nikaifunga, nikamwomba mkunga azungushe stata. Mshale ulipanda kidogo ukaanguka. Ulikuwa lazima uanguke, sili zilikuwa kavu.

"Mama, njoo uone mwenyewe," nikasema.

Akashuka, akavaa miwani, akainama. Alijua kusoma ule mshale. Hilo nalo nilimfundisha mimi.

"Mbona hivi?"

"Mama," nikasema, "injini imekufa."

Mpaka leo siwezi kusema niliamua saa ngapi. Nilikuwa nalipenda lile gari kuliko nilivyopenda vitu vyangu vyote. Kila nilipomaliza kulihudumia nililizungusha mtaa mmoja wa ziada kabla ya kulirudisha, na kila nilipokabidhi ufunguo roho iliniuma. Wiki mbili kabla ya hapo mkunga alinisimulia kwamba mpwa wake anataka apewe gari hilo, aing'oe ile injini, aweke ya pistoni. Baadaye nilijishikiza hapo kwa miaka: nilijiambia nililiokoa. Lakini mkunga aliponisimulia alikuwa anacheka. Alikwisha kumfukuza yule mpwa, na nilimsikia kwa masikio yangu.

"Nani aliliwasha?" niliuliza. Swali hilo halikuwa na kazi yoyote tena, nililiuliza ili nionekane fundi.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni. "Mimi," akasema. "Jana. Nilitaka kupaka chokaa ukuta wa nyuma, nikalisogeza hatua mbili, nikalizima."

Mkunga aligeuka taratibu. "Nimekuambia mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Mara ngapi?" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na kazi yake ilikuwa ya kukaa katikati ya vilio. "Mikono yako ibaki kwenye cherehani! Chochote kilicho changu usikiguse tena!"

Yule mzee aliivua futi shingoni. Alinitazama mimi. "Fundi, ni mimi niliyeliua?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ngoja kwanza nijaribu kitu. Ningeweza kusema hata sijui. Nilifunga geji kwenye kitambaa chake, nikaiweka sandukuni, nikamjibu kwa sauti ya upole kabisa: "Mzee, hukukusudia."

Katika yote niliyofanya, sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha. Kuongopa niliongopa, lakini hapo nilimvika uongo wangu yeye, tena nikampapasa bega.

Mkunga hakulilia gari mbele yangu. Alikwenda ndani, akarudi na kadi, akaandika jina langu kwa nyuma akiwa ameilaza juu ya boneti. "Lichukue. Siwezi kuamka kila siku nikitazama mfu. Vyuma vyake vikufae."

"Mama, si lazima leo..."

"Lichukue, Pembetatu, kabla sijasema neno jingine baya kwa mume wangu."

Nililivuta kwa kamba. Mchana huohuo, milango ya gereji imefungwa, nilimimina kijiko kimoja kila tundu. Lilikohoa mara mbili, likatoa wingu la moshi mweupe, likawaka. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Nikaliacha lipate moto ndipo nikalizima. Sharti nililifuata.

Wiki tatu baadaye mshonaji alikuja gereji na kifurushi. Ndani kulikuwa na ovaroli mbili za bluu, zimeshonwa kwa vipimo vyangu bila kunipima. Alikuwa ananitazama tu na kujua.

"Hizi zako," akasema. "Umetuondolea ule mzoga. Ungebaki pale nyumbani, sijui tungeishije."

"Mzee, usingejisumbua."

"Vyuma vimekufaa?"

"Vimenifaa."

Gari lilikuwa nyuma ya turubai, hatua nne kutoka aliposimama. Nilikuwa nimetoka kulizungusha nusu saa kabla, na injini ilikuwa inapoa. Unajua chuma kinapopoa kinavyolia, tik, tik, tik. Mzee aliinua kichwa kidogo. Nikaangusha spana kwenye saruji kwa makusudi, nikaiokota, nikaiangusha tena, nikaanza kuongea kwa sauti juu ya hali ya hewa. Alicheka akasema nina mikono ya siagi leo. Kisha akaniaga. Ovaroli zile nilizivaa mpaka magoti yakatoboka, maana zilikuwa nzuri, na kuzitupa kungekuwa kukiri.

Mwaka uliofuata nilihamisha gereji upande mwingine wa mji. Niliwaambia watu kwamba kodi ya pango imepanda. Nililipiga msasa lile gari, nikalipaka upya kijani kilekile, nikabadilisha kabureta na mipira yote. Nilipoifungua injini hatimaye, kuta zake zilikuwa laini kama kioo. Hakukuwa na ukucha hata mmoja wa shetani. Ndivyo yule mama alivyolitunza. Nilizipangusa kwa kitambaa, nikaifunga injini tena, na sikumwonyesha mtu.

Miaka tisa mingine ilipita hivyo. Nikajulikana. Vijana wakawa wanapiga picha gari barabarani, upande wetu wa mji tu, maana kwa mkunga sikupita nalo. Mke wangu alizoea kukaa mbele na kupunga mkono kama mke wa waziri. Chama cha magari ya zamani kilipoandaa maonyesho kwenye uwanja wa maktaba, mwenyekiti wao, dereva mstaafu wa treni, alikuja mwenyewe kunialika. Kulikuwa na sharti kwamba kila gari lisimame na kibao chenye historia yake na ya wamiliki wake.

Niliandika hivi: mmiliki wa kwanza, daktari wa meno, wa pili, mkunga, injini ilikufa, gari likatolewa kama vyuma chakavu, likafufuliwa na mmiliki wa sasa kwa kazi ya miaka miwili. Mwandiko wangu ni mzuri. Mwenyekiti alisoma akatikisa kichwa kwa heshima. "Miaka miwili! Wengine tungekata tamaa wiki ya kwanza."

Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Nilikuwa nawaeleza watu jinsi pembetatu inavyozunguka, natumia kipande cha boksi nilichokikata, nilipomwona mama mmoja ameinama mbele ya kibao, fimbo mkono mmoja, mwingine umeshika miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kidole kilipofika kwenye neno mkunga kikasimama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Aliinuka akaniona.

"Pembetatu!"

"Mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ulilifufua!" Akaweka kiganja juu ya boneti. "Nilisoma gazetini kwamba kuna gari la rota, nikasema mjini hapa la rota ni lipi tena kama si lile? Nikaja. Miaka miwili ulihangaika nalo?"

"Miwili, mama."

"Mikono yako ibarikiwe." Watu waliokuwa karibu walianza kupiga makofi kidogo, wamesikia ndiye yule wa kwenye kibao. Mmoja akatupiga picha. Kwenye picha hiyo mimi natabasamu. Ninayo.

Makofi yalipoisha akanivuta pembeni kwa kiwiko. "Mzee alitutoka mwaka jana," akasema.

Nikasema pole.

"Asante. Nisikilize. Nimekuja kukuuliza jambo moja, na wewe ndiye mtu pekee wa kunijibu. Siku ile nilimwambia maneno. Uliyasikia. Tangu siku ile mpaka anakufa hakugusa kitu changu. Nikimwomba anisogezee mkoba ananiuliza kwanza, niushike? Watu wanadhani ni utani wake. Haukuwa utani. Nilijaribu kuyarudisha yale maneno, hayakurudi. Sasa niambie wewe uliyeifungua ile injini ukaona ndani. Lile gari lilikuwa la kufa tu, hata kama asingeligusa?"

Kinywa changu kilijibu kabla yangu. "Lingekufa tu, mama. Lilikuwa limechoka. Siku hiyo au kesho yake."

Alifumba macho. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Ahsante," akasema. "Ahsante sana. Kesho asubuhi nitakwenda kaburini nimwambie."

Jioni hiyo nilipewa kikombe cha gari lililotunzwa vizuri kuliko yote. Nilikishika mikononi nikasema maneno machache kuhusu uvumilivu. Nyumbani nilikiweka mezani na kumweleza mke wangu kila kitu, toka plagi zilizolowa mpaka kaburi. Nilipomaliza aliondoka mezani, akasimama dirishani, ananipa kisogo.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nimekaa kwenye kiti cha yule mama nikiwapungia watu."

"Najua."

"Hujui. Asubuhi, ukimwambia yeye, utajua."

Saa moja na nusu asubuhi nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya mkunga. Aliusikia mlio, alikuwa ameshafungua mlango kabla sijashuka. Alikuwa amevaa gauni la heshima na kitambaa kichwani, fimbo mkononi, anasubiri kutoka. Uso wake ulinikaribisha. Alidhani nimekuja kumpeleka.

"Mama, usiende kwanza."

"Kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, mazuri tu, yenye mwanzo na mwisho. Yote yakanitoka. "Gari halikufa," nikasema.

"Sikuelewi."

"Halikufa siku ile. Plagi zilikuwa zimelowa tu. Nililiwasha mchana uleule."

"Lakini mshale..."

"Sili zilikuwa kavu. Nilijua. Nilikuonyesha mshale nikijua."

Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kiti kilichokuwa mlangoni, cha kuvulia viatu. Fimbo aliilaza magotini. "Ulifanya nini mpaka likawaka?"

"Mafuta. Kijiko kimoja kila tundu."

"Kijiko."

"Ndiyo."

"Cha chai?"

"Cha mezani, mama."

Alitikisa kichwa kama muuguzi anayeandika kipimo. Redio ya jirani ikatangaza saa. "Kwa hiyo yeye hakuliua."

"Hakuliua."

"Na wewe ulimwambia hakukusudia."

"Ndiyo."

"Na jana, mbele ya kibao chako, nikakuuliza, ukanidanganya tena."

"Nilitaka upumzike, mama."

"Ulitaka wewe upumzike." Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Miaka tisa nimelala na mtu anayeniomba ruhusa ya kushika mkoba wangu. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unapaka rangi."

Nilipiga magoti pale kizingitini. Akaniambia niinuke, nisimkusanyie majirani, watadhani kuna msiba mwingine. Nikainuka. Nikatoa kadi ya gari mfukoni, niliyokuwa nimeshaiandika jina lake nyuma, nikaiweka kwenye meza ndogo. Aliitazama bila kuigusa.

"Nilidhani sitalitaka," akasema baadaye. "Nalitaka. Ni langu. Ila macho yangu hayaendeshi tena, kwa hiyo utaliendesha wewe. Leo utanipeleka kaburini. Utasimama mbali. Nitakachomwambia hakikuhusu."

Nilisimama mbali, karibu na bomba la maji. Sikusikia neno. Niliona mgongo wake tu, na mkono wake ukipapasa jiwe kwenda na kurudi, kama mtu anayenyoosha kitambaa.

Wiki hiyohiyo nilirudisha kikombe. Mwenyekiti alinitaka niwaelezee wanachama wenyewe, nikasimama kwenye chumba cha mikutano cha maktaba mbele ya watu ishirini na kitu na kusema. Hakuna aliyezomea. Walitazama viatu vyao. Mmoja, aliyekuwa akiniletea magari yake mawili, alikuja mwisho akaomba funguo zake, akasema tu, "Unaelewa." Nilielewa.

Nilidhani hapo yameisha. Jumamosi mkunga aliniita. Alikuwa mezani na karatasi, majina tisa yamepangwa chini kwa mwandiko wa hospitali.

"Mume wangu alikuwa mtu wa kujitania," akasema. "Kila aliyekuja kupimwa nguo alimwambia: hapa umemfikia mshonaji aliyeua gari kwa kupaka chokaa. Watu wanacheka. Mimi nilikuwa naona macho yake. Sasa hawa tisa ndio aliowaambia sana, na bado wapo. Utanipeleka kwa mmoja mmoja. Nami nitakaa garini. Utashuka, utasema wewe."

"Mama, si ningewaandikia barua?"

"Ulimwandikia yeye?"

Tukaanza. Jumamosi moja mtu mmoja. Mkunga hakuwa akiongea nami njiani. Nikisema leo barabara ni nyeupe, haina magari, anatazama dirisha. Wa kwanza alikuwa kinyozi, rafiki wa marehemu. Alisikiliza akiwa na mteja kitini, mkono wake wenye wembe umesimama hewani karibu na shavu la mtu mwingine, mpaka yule mteja akamwomba kwa adabu amalizie au aondoe. Kinyozi aliniambia nitoke, nisikanyage kwake tena. Wifi yake mkunga, dada wa marehemu, alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Aliendelea kukunja, rundo likapanda, na nilipomaliza akanikabidhi shuka moja tushike ncha tulikunje, kwa sababu peke yake lilimshinda. Tulilikunja tukitazamana. Kisha akasema, "Sasa nenda." Muuza vitambaa hakuniamini. Alicheka, akasema marehemu ndiye aliyenituma nimchezee shere, mpaka akamwona mkunga garini, uso wake umekaza, na kicheko kikamkatikia kooni.

Nilidhani kusema kitu mara nyingi kunakizoesha ulimi. Si kweli. Kila mlango niliogonga, lile neno, niliwadanganya, lilikuja likiwa zito kama siku ya kwanza.

Wa tisa alikuwa kaka wa marehemu, mzee wa miaka themanini na kitu, anaishi kwenye nyumba ya ghorofa yenye uwanja mdogo katikati na madirisha pande zote. Tulimkuta chini, amekaa kwenye benchi lenye jua. Mkunga alibaki garini, kioo kimeshushwa.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni fundi wa lile gari."

"Eeh?"

"Fundi! Wa gari la shemeji yako!"

"Ongea, baba. Masikio yamekwenda likizo."

Nikasogea, nikasema sikioni kwake kwamba mdogo wake hakuliharibu gari. Alinipungia mkono kama anayefukuza inzi. "Sisikii minong'ono. Kama una neno, liseme."

Niliangalia madirisha. Dada mmoja alikuwa akipangusa kioo ghorofa ya pili. Watoto wawili walikuwa wamekaa ngazini na baiskeli. Nikapiga moyo konde.

"MDOGO WAKO HAKULIUA GARI! LILIKUWA ZIMA! MIMI NILIDANGANYA ILI NILICHUKUE!"

Sauti ilizunguka ule uwanja ikarudi. Dada wa ghorofani aliacha kupangusa. Pazia likafunguka hapa, jingine pale. Mtu akauliza, "Nani kadanganya?" na mwingine akamjibu, "Huyo hapo chini."

Mzee alikaa akiniangalia. Macho yake yalikuwa mepesi kujaa maji, macho ya uzee, sikujua ni machozi au la.

"Rudia," akasema.

"Mzee, umesikia."

"Nimesikia. Rudia. Nataka na hawa wasikie vizuri. Hata wao aliwaambia."

Nikarudia, kwa sauti ileile. Nilipomaliza sikujua niweke wapi mikono yangu. Mzee alishika ukingo wa benchi, akainuka kwa taabu, akanipita bila kunigusa, akatembea mpaka garini. Akainama kwenye dirisha la shemeji yake. Niliona wakishikana mikono, vichwa vimekaribiana, muda mrefu. Mimi nilibaki katikati ya uwanja chini ya madirisha yote yale, na hakuna aliyeniambia niondoke wala nikae.

Tukarudi. Mkunga hakutazama dirisha safari hii, alitazama mbele. Nilipofika kwake nilishuka nikamfungulia mlango, nikampa fimbo.

"Jumamosi ijayo uje saa tatu," akasema.

"Mama, majina yamekwisha. Huyu alikuwa wa tisa."

"Najua kuhesabu. Nina miadi na daktari wa macho." Akasimama wima, akajinyoosha gauni. "Na usichelewe. Pale wakikupita hawakuiti tena."

"Nitafika, mama," nikasema. Nilisema nikitazama tairi la mbele, kwa sababu usoni kwake bado sikuweza kutazama.